Filta Niliyoinunua Bila Kuitazama

Kuna Sabato moja ya zamani ambayo hunirudia kila nikishika kamera, mwanangu, na wewe umeiamsha tena. Juzi ulipopita hapa Kebirigo kunijulia hali, ulinionyesha kwenye simu filta mbili za polaraiza za kufunga mbele ya kamera yako, moja ya bei ya kutisha na nyingine rahisi mno, ukaniuliza, "Magokoro, si zote ni vioo tu?" Nilicheka, nikakuongezea chai, nikaanza kukuuliza habari za mama yako. Jibu nilikuwa nalo. Ila jibu langu lina mtu ndani yake, na mimi bibi yako sikutaka kumtaja harakaharaka ilhali wewe unaangalia saa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kujifunza kazi kwa Mzee Ombati, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja pale Nyakoe. Ukutani alikuwa ametundika pazia lililochorwa ndege ya abiria, na watu walitoka milimani na nguo zao nzuri kuja kupigwa picha mbele ya ndege hiyo. Nikifunga macho hata sasa nasikia harufu ya chumba kile, dawa za kuoshea picha na mafuta ya nywele ya wateja. Mzee alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kuvaa tai hata siku ya soko. Nilipomaliza kwake, aliniuzia kamera yake ya pili kwa bei ya kunisaidia tu, nami nikafungua kibanda changu Ikonge. Mwanamke mwenye kamera alikuwa kitu cha kutazamwa siku hizo. Nilitazamwa, na ukweli ni kwamba nilipenda.

Kwenye studio ya Mzee kulikuwa na picha moja niliyoionea wivu. Ilikuwa ya wanawake wakichota maji mtoni, na mawe yaliyo chini ya maji yalionekana moja moja, kana kwamba mto ulikuwa umefunikwa kwa hewa tu. Nilijaribu kupiga ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara maji yalitoka meupe, yanang'aa kama bati. Mzee alinieleza kwamba alitumia filta ya polaraiza, kioo cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi. Ukikizungusha taratibu, ule mng'ao wa juu ya maji au majani unapungua na rangi ya chini inajitokeza. Aliniambia nisiwe na pupa, nivute subira hadi mavuno ya chai, twende naye mjini Kisii anisaidie kuchagua. Kuna za bei nafuu zilizo nzuri, alisema, ila lazima uzijaribu mkononi.

Sikungoja. Wiki iliyofuata nilikuwa Kisii kununua filamu, nikakutana na mchuuzi aliyetandaza vitu vyake kando ya barabara, miwani, saa, betri, na kati yao vioo viwili vya duara ndani ya vikasha vya plastiki. Aliniapia kwamba ni polaraiza. Nilikiinua kimoja, nikaona ni cheusi cheusi, nikaridhika. Sikukizungusha. Sikukilinganisha hata na lenzi yangu, kwa maana kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilipofika Ikonge nikagundua ni kipana kuliko mdomo wa lenzi, hakishiki. Nikakifunga kwa plasta ya kufungia vidonda. Nilijiona mjanja sana.

Basi siku chache baadaye akaja Kerubo. Huyu alikuwa mwalimu, ameolewa mbali huko Nakuru, na alikuwa amerudi nyumbani kwa sababu ya mama yake. Mama huyo, Nyaboke, alikuwa mkulima wa chai mwenye umri wa kama miaka sabini, na kwa muda mrefu alikataa kubatizwa. Si kwamba hakuamini. Kifungua mimba wake alizama katika mto huohuo ambao kanisa letu lilibatizia watu, na tangu siku ile Nyaboke hakukanyaga ukingo wake. Maji ya nyumbani alikwenda kuyachota kwenye chemchemi ya mbali. Sasa, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa amesema mwenyewe kwamba ataingia. Kerubo aliniomba nipige picha wakati ule mama anainuka kutoka majini. Picha hiyo moja tu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, na nikamgusia ile filta yangu mpya, kwamba hata mawe ya chini yataonekana.

Sabato ile ilikuwa na jua kali baada ya mvua ya usiku. Waumini walipanga mstari ukingoni wakiimba. Nyaboke alishuka amevaa gauni jeupe na kitambaa kichwani, akasimama maji yalipomgusa vidole, na kwaya ikaendelea kurudia ubeti uleule kwa kuwa hakuna aliyetaka kunyamaza. Alisimama hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe akamshika mchungaji mkono, akaingia. Nilipiga alipokuwa akishuka, nikapiga alipozamishwa, nikapiga alipoinuka na maji yakimtiririka usoni huku Kerubo akilia kwa sauti. Nilijua nimeshika kitu kikubwa.

Filamu ilioshwa Kisii. Nilipopewa bahasha niliifungua palepale mlangoni. Maji yalikuwa meupe vilevile, mng'ao wote upo. Nyuso zilikuwa nyeusi kama masizi, macho ya Nyaboke huwezi kuyaona. Kwenye kona kulikuwa na kivuli cha plasta. Kile kioo hakikuwa polaraiza hata kidogo, kilikuwa kioo cheusi tu, kama cha miwani ya jua. Na hata kingekuwa chenyewe, bado ningekosea, maana kamera yangu haikuwa na kipimo cha mwanga. Nilikuwa nikifuata maelezo yaliyochapishwa kwenye karatasi ya filamu, na karatasi ile haikujua kwamba nimeweka giza mbele ya lenzi. Ilinipasa kuifungua lenzi zaidi. Hilo Mzee alikuwa amenifundisha, nami nililisahau kwa furaha ya kuwa na kitu kipya.

Sasa sikiliza sehemu ninayoionea aibu. Kerubo alipokuja, nilimwambia filamu iliharibiwa na bwana anayeosha picha mjini. Nilimtaja kwa jina. Kerubo hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi langu, akauliza kama hakuna hata moja, nikasema hakuna, akaondoka bila kuaga.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikazibeba zile picha hadi Nyakoe, nadhani nilitaka Mzee Ombati anihurumie. Alizitazama moja moja dirishani. Akaomba kile kioo. Kwenye meza yake kulikuwa na kikokotoo kidogo, akakiwasha, akaweka kioo changu juu ya tarakimu na kukizungusha. Tarakimu zilififia kidogo tu, zikabaki hivyo, hata azungushe vipi. Kisha akatoa filta yake kutoka kwenye kitambaa, akafanya vilevile, na kwenye robo ya mzunguko tarakimu zikapotea kabisa, pakawa peusi ti, halafu zikarudi. Alinipa nijaribu mwenyewe.

Ndipo akaniuliza nilimwambia nini mwenye picha. Nikamweleza. Alivua miwani.

"Yule bwana unayemsingizia ana watoto wanne na anaosha picha za wilaya nzima," alisema. "Umemtaja kwa jina?"

Nikasema ndiyo.

"Basi utaanza kwake. Halafu uende kwa yule mama, umwambie kwa mdomo wako. Usimtume mtu."

Alinipa filta yake kwa kunikopesha, akanifungia vizuri kwenye kitambaa, akasema kwamba pengine nitaihitaji. Sikuelewa ningeihitaji kwa nini.

Yule bwana wa mjini alinisikiliza akiwa ameshika koleo za kutolea picha kwenye dawa. Aliniambia Kerubo alikuwa ameshafika pale, amempigia kelele mbele ya wateja. Aliomba jambo moja tu, kwamba nirudi na kusema ukweli mbele ya watu walewale, na haikuwa rahisi, lakini nilirudi nikasema.

Nyumbani kwa Nyaboke niliwakuta wote wawili, mama na binti. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama. Kerubo aliinuka akatoka nje. Kwa kujaribu kurekebisha, nikamwambia Nyaboke kwamba nina filta nzuri sasa, naweza kumwomba mchungaji, turudi mtoni, avae lile gauni, aingie tu kidogo nipige. Yule mama aliacha ndizi alizokuwa akimenya.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeingia katika yale maji mara moja, na nilikwenda kumuaga mtoto wangu. Sitaingia tena ili nipigwe picha."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akaendelea kumenya ndizi zake. Baadaye kidogo akaniuliza kama kile kioo kizuri kinafanya kazi mahali pengine pasipokuwa na maji. Nikamwambia kinafanya kazi kwenye majani, hasa yakilowa. Akaosha mikono, akajifunga kikapu mgongoni, akasema kwamba chai yake haingojei wanaolia.

Kulikuwa kumenyesha mchana. Nilimfuata shambani. Bila filta, majani yote yalikuwa na weupe juu yake, kama yamepakwa mafuta. Nilifunga filta ya Mzee, ikakaa kwenye lenzi vizuri, nikaizungusha pole pole, na ule weupe ukaondoka. Kijani kikatokea, kijani chenyewe, na uso wa Nyaboke ulioloa matone. Jua lilikuwa begani kwangu. Mara hii niliifungua lenzi kufidia mwanga uliopotea. Nyaboke hakusimama kupigwa picha, aliendelea kuchuma, mara moja tu akageuka kumtazama Kerubo aliyekuwa amekuja kusimama mwisho wa mstari. Hapo nikapiga, na ndiyo picha niliyowapelekea.

Kerubo alinisamehe, ila si siku hiyo. Ilichukua miaka. Nyaboke alipofariki, picha ile ya chai ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza, na Kerubo mwenyewe alinishika mkono akaniambia kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimtazama. Picha ya mtoni haipo hadi leo. Hiyo imebaki kazi yangu niliyoiharibu.

Sasa nikujibu, mwanangu. Huhitaji ile ghali. Hiyo bei kubwa nusu yake ni jina. Lakini hiyo rahisi mno, inayokuja na vioo vingine vitano kwenye mfuko mmoja, iache. Tafuta ya katikati. Kwanza geuza lenzi yako uisome mbele, utaona alama ya duara iliyokatwa kwa mstari, na pembeni yake namba. Hiyo ndiyo namba ya filta. Usichukue ile namba ya lenzi yenyewe, maana lenzi zenu hizi za kuanzia huandikwa kumi na nane hadi hamsini na tano, na watu wengi hununua filta ya hamsini na tano ilhali mdomo wa lenzi ni hamsini na mbili au hamsini na nane. Ukiwa na lenzi mbili, nunua filta ya ile kubwa, halafu pete ya kuunganishia ile ndogo. Pete ni kitu kidogo, haikusumbui.

Kamera yako inajitafutia umbali yenyewe, kwa hiyo uliza ile iliyoandikwa CPL. Zile za zamani kama ya Mzee zinaweza kuichanganya. Kisha usikubali kununua bila kuishika. Dukani hakukosi kikokotoo au kompyuta. Weka filta jichoni kama itakavyokaa kwenye lenzi, upande wa skrubu ukielekea kwako, maana ukiigeuza utadhani ni mbovu. Izungushe ukitazama kioo cha kikokotoo au cha kompyuta hiyo. Isipofanya giza, ijaribu na kikokotoo kingine, na ikikataa bado, irudishe. Halafu itazame juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa ya manjano au zambarau, picha zako nazo zitakuwa hivyo. Pete ya mbele izunguke laini, isilegee wala isikwame. Muuzaji akikasirika kwa sababu unajaribu, toka dukani kwake.

Na ukishaipata, kumbuka inakula mwanga. Kanisani ivue. Jioni ivue. Jua likiwa mbele yako haitakusaidia sana, liweke begani.

Mengine hayahusu kioo, na ndiyo ninayotaka uyashike zaidi. Watu watakuita siku ambazo hazirudi. Kila kifaa kipya kijaribu nyumbani, kwenye migomba na kwenye beseni la maji, kabla hujakipeleka mbele ya mtu aliyekuamini. Na siku utakapoharibu, kwa maana utaharibu, nenda ukaseme wewe mwenyewe, kabla mwingine hajabebeshwa lawama yako.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usiotetemeka. Akupe wateja wenye huruma, na ulimi wa kuwaambia ukweli. Kazi yako iwe ya kukumbukwa katika nyumba za watu, na wewe uzeeke ukiwa na amani.