Maji Yaliyokataa Kuhama

Mama mmoja kutoka Musienene aliingia katika chumba changu cha ekografi, cha kupiga picha za ndani ya mwili, pale Butembo amemshika binti yake mkono. Alikuwa amemfunika kitenge toka mabegani mpaka magotini. Alipokitoa nilielewa. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba hata akisimama ilimbidi aegemee nyuma kidogo asianguke.

"Mama Dokta," alisema kabla sijamkaribisha kiti, "batu ba kwetu banasema mutoto eko na mimba. Mutoto wa miaka saba! Juu ya ile alishaacha masomo. Batoto benzake banamucheka."

Mtoto alikuwa amekwisha kunywa dawa za minyoo. Halafu kwenye kituo cha afya waliona maji tumboni, wakafikiri ni kifua kikuu kilichoshuka, wakampa dawa zake kwa miezi mingi. Tumbo halikupungua hata kidogo.

Nilimlaza, nikampaka ile dawa ya utelezi. Akaruka akicheka, "Iko baridi!" Kicheko hicho kilinishangaza. Mtoto mwenye kifua kikuu cha tumbo huwa amekonda, hana nguvu ya kucheka namna ile. Huyu mashavu yalikuwa yamejaa.

Kwenye kioo cha mashine niliona weusi mtupu, na weusi katika ekografi ndiyo maji. Na mimi karibu niandike kama wenzangu: maji tumboni. Lakini yale mashavu yalinikataza. Nikamwambia ageukie ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Maji yaliyo huru hukimbilia chini kila mgonjwa anapogeuka, na matumbo huelea juu yake. Yale hayakuhama. Matumbo yalikuwa yamesukumwa yote upande mmoja, yamebanwa mgongoni. Nilipotazama taratibu, nikaona ndani ya ule weusi kuta nyembamba sana, kama ngozi ya kitunguu.

Si maji ya tumbo, nikajiambia. Ni mfuko.

Nilikuwa nimeusoma shuleni, ule uvimbe unaoota kwenye utando unaoshika matumbo, ukajaa maji mwaka hadi mwaka. Ni nadra, na sikuwa nimekutana nao. Mara nyingi si kansa. Nilifurahi, lakini nikajizuia nisimwahidi mama jambo nisilo na hakika nalo.

Nilimpigia simu mpasuaji wa hospitali ya Beni, mzee aliyenifundisha kazi, nikamtumia picha.

"Ascite, non? Ni maji ya tumbo tu?" aliuliza.

"Hapana, Papa Docteur. Nimemgeuza. Maji hayahami."

"Pande zote mbili?"

"Zote."

"Bon. Mulete mutoto. Lakini apite kwanza kwa skana, nijue ule mufuko umeshikana na nini."

Nilipomweleza mama, hakuuliza habari za kisu. Aliuliza, "Beni? Mu ile njia?" Kwenye njia ile wenye silaha walikuwa wakivamia magari na kuua watu. Mama akatazama chini, kisha akasema, "Dada yangu eko kule, tutalala kwake. Twende asubui, wakati magari iko mingi."

Niliomba ruhusa nikaenda nao. Njiani, pale Kalunguta, tulisimama, wanawake wakaleta ndizi dirishani. Binti akataka moja, akala nusu, akampa mama yake iliyobaki. "Nimeshiba," alisema, na mama akageuza uso dirishani.

Skana ilionyesha kile kile, tena wazi zaidi: ini zima, figo zote mbili nzima, na mfuko umekumbatia kipande cha utumbo mwembamba. Nilisimama katika chumba cha upasuaji nyuma ya mzee. Alipoutoa ule mfuko, akiukata pamoja na kile kipande na kuunga utumbo upya, niliona maji meupe kama maziwa ndani yake. Mzee alimaliza mshono wa mwisho. Kisha akanigeukia: "Ma fille, mwanangu, ulifanya vizuri kumugeuza."

Jibu la maabara lilichelewa, tukalingoja kwa sala, mama katika kanisa lake na mimi katika langu. Lilipokuja lilisema: si kansa. Mzee alimwonya mama kwamba mfuko wa namna hiyo unaweza kuota tena, kwa hiyo mtoto aangaliwe mara kwa mara.

Walipokuja Butembo kuangaliwa, binti alitangulia mbio, ameshika sketi ya shule kiunoni isimwanguke.

"Nguo yote imekuwa mukubwa," mama alisema akicheka. "Nitashona tena yote."

Kwenye kioo matumbo yalikuwa yametawanyika kila mahali, yanacheza. Binti aliinua kichwa. "Iko nini ile inatembea?"

"Ni matumbo yako. Yamepata nafasi."

Alitazama kwa muda mrefu, hakutaka niizime mashine. Lakini ilikuwa siku ya soko kwao, na mama alikuwa ameacha maharagwe yake ya kuuza kwa jirani. "Wasingya, Mama Dokta," alinishukuru kwa Kinande, akamwita mtoto, wakaondoka.