Ukurasa wa Bibi

Katibu wa usharika alinikabidhi karatasi mbili zilizopigwa chapa, akasema nimeteuliwa kusoma historia ya kanisa siku ya jubilei, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sauti yangu inafika nyuma. Nilifurahi kama mjinga. Babu yangu, marehemu, ndiye aliyekuwa mchungaji wa kwanza mwenyeji katika vijiji vyetu vya Itaka, nami nilidhani nimepewa heshima ya ukoo.

Nikaenda kuzisoma nyumbani. Mchungaji wa kwanza, iliandikwa, alikuwa na mke mmoja na watoto wanne.

Mama yangu ndiye wa tano. Mama yake, bibi yangu, alikuwa mke wa pili. Wazungu wa misheni walipomwambia babu kwamba hawawezi kumwekea mikono mtu wa wake wawili, alimtoa bibi nyumbani akiwa na mama yangu mgongoni, akampa kibanda ukingoni mwa shamba la kahawa, kisha akaenda kuwekewa mikono. Ndivyo uchungaji ulivyoanza kwetu. Na kama hilo halitoshi, matofali ya kanisa yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa kwenye kipande hichohicho cha shamba alichoachiwa. Walikichimba chote. Shimo lilibaki, bibi akapanda migomba ndani yake. Kila Jumapili, tangu wakati huo hadi mwaka ule wa jubilei, alikwenda kusali, akakaa nyuma, na kwenye meza ya Bwana hakuitwa hata mara moja.

Nilirudi kwa katibu kumwomba aongeze mstari mmoja tu. Alinijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua: wageni wa jimbo wanakuja, historia ya kanisa si ya ukoo, na yaliyofunikwa na damu ya Yesu hayafukuliwi. Maskini Yesu, kila wanachokionea aibu wanamtwisha yeye.

Ningeweza kukataa kusoma. Sikukataa. Niliogopa kuitwa mkorofi na wazee wa kanisa, na kwa hilo simlaumu mtu mwingine.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka ibada ikafanyika nje, chini ya turubai. Nilisoma neno kwa neno. Bibi alikuwa mkekani, pembeni kabisa, amevaa koti la mtumba ambalo mama alimnunulia Tunduma kwa ajili ya siku ile. Kila nilipotaja mtu, aliitikia kwa kichwa, akingoja zamu yake. Nilipomaliza zikapigwa vigelegele, familia ya mchungaji ikaitwa meza kuu, na mama yangu akashika birika la kunawisha wageni. Ndugu zake wanne walinawa, yeye akimwaga maji. Nilitamani kulipiga teke lile birika.

Nilitaka kupita haraka. Bibi akanishika mkono.

"Umesoma vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Ila pangu umeparuka."

Hakujua kusoma. Aliamini kwa moyo wote kwamba kanisa lililojengwa kwa udongo wake lilikuwa limemwandika, na kwamba kosa lilikuwa langu. Nikamwambia anisamehe, kurasa zilishikana.

"Basi rudi ukasome. Watu bado wapo."

Sikuwa na pa kutokea. Nilirudi mbele, kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Nikageuza karatasi upande usioandikwa kitu, nikaishika mbele ya macho, nikasoma kwamba mchungaji wa kwanza alikuwa na wake wawili na watoto watano, kwamba wa pili aliachwa ili kanisa lipate mchungaji, na kwamba matofali ya kuta zile yalitoka shambani kwake. Katibu alikimbilia jenereta, kipaza sauti kikafa, nami nikamalizia kwa sauti yangu ya darasani, ile waliyoichagua wenyewe kwa kuwa inafika nyuma.

Kule pembeni, bibi alikuwa ameinua mkono juu, kama mtoto aliyesikia jina lake kwenye mahudhurio.