Mahali pa Anup

Mji mzima wa Bhaktapur, kule Nepal, unamjua Chinimaya, ila jina lake hakuna anayelishika. "Dada yake Anup," ndivyo wanavyomwita, hata wale wanaonunua maziwa yake ya mgando kila asubuhi. Anup ndiye yule mwenye programu ya simu, yule aliyebandikwa picha mpaka kwenye mabasi. Baba yao alipokufa, Chinimaya alikuwa kigoli tu, akamlea mdogo wake kwa kuuza maziwa hayohayo.

Na kifo hicho ndicho kilichomtia woga usiomtoka. Mwaka ule shangazi alikuwa amenuniana na baba, akasusa kuja siku ya kaka, siku ambayo dada hukialika Kifo, hukiandalia chakula, na kumkinga kaka yake kisimguse. Baba hakuchorewa duara sakafuni, wala hakuzungushiwa mafuta ili Kifo kishindwe kuvuka. Kabla baridi haijaisha akaanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Basi! Tangu hapo Chinimaya hajakosa mwaka hata mmoja. Wachumba walikuja, akawakataa. Wangempeleka mbali, na Anup angechorewa na nani?

Mwaka mmoja, siku hiyo ilipofika, Anup aliingia akihema.

"Dada, fanya chapuchapu. Helikopta inanisubiri, nakwenda milimani kuzindua mnara wa simu."

"Helikopta?" Chinimaya aligeuka. "Leo hii?"

"Ulitaka nitambae?"

Anup akaketi mahali pake, ndani ya duara alilochorewa sakafuni. Chinimaya akawasha tambi, akamimina mafuta kulizunguka duara. Alikuwa hajamtia hata alama ya rangi kwenye paji la uso simu ilipolia. Loo, Anup si akainuka! Akauvuka mstari wa mafuta kama mtu anayeruka dimbwi, akashuka ngazi huku anaongea.

"Anup! Rudi! Sijafagia duara! Hakuna anayeinuka kabla halijafagiwa!" Ukelele ule uliwaleta majirani madirishani.

"Acha mambo ya kizee, dada, unaniaibisha!"

Mlango wa gari ukafungwa.

Jamani, mwanamke yule aliogopa. Alimwona baba tena, kalala juu ya mawe ya ua. Kifo kimeshaalikwa, taa zinawaka, chakula chake kimeandaliwa, na mahali pa Anup hapana mtu. Kikifika kikamkosa, si kitamfuata hukohuko angani? Basi akafanya jambo ambalo wanawake wa mtaa hulisimulia kwa kunong'ona hadi leo. Aliingia ndani ya duara, akaketi alipoketi Anup, akajivika lile shada la maua ya zambarau alilomtungia.

"Huyu ndiye," alikiambia Kifo. "Chukua huyu. Hakuna atakayeuliza kaenda wapi."

Hapo simu ikalia kwenye rafu. Ilikuwa simu ya pili ya Anup, alikuwa ameisahau. Chinimaya hakuthubutu kuinuka. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, mpaka Anup mwenyewe akapanda ngazi kuifuata.

Alipomwona alisimama mlangoni.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Nimekukalia mahali pako. Nenda, utachelewa."

"Toka hapo."

"Si mambo ya kizee? Sasa unaogopa nini?"

"Toka, nakwambia! Chinimaya, toka!"

Tangu azaliwe Anup hakuwahi kumwita kwa jina. Akamsogelea amvute, kidole cha mguu kikagusa mafuta, akaruka nyuma kama aliyeungua. Naam, bwana mkubwa wa kwenye mabasi, kaogopa mstari wa mafuta.

"Nikitoka sasa, nimetoka kabla ya kufagiwa," Chinimaya alisema taratibu. "Hata mimi naogopa, mdogo wangu. Naogopa sana."

Anup alipiga magoti nje ya mstari. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta. Simu ikaanza tena kulia, hakuitazama.

"Niambie, dada. Naanzia wapi kukukinga?"

"Mafuta," alisema. "Anza na mafuta. Usiache pengo."