Tableti ya Shule na Kawa la Dada

Niliondoka Koboko na suruali mbili na kiatu chenye tundu, nikarudi na diploma. Nasema mapema ili msomaji ajue maneno haya yanatoka kwa nani. Nairobi nilibeba saruji mchana na kusoma jioni, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia hata kalamu. Leo nina kibanda changu Arua, karibu na soko, na juu ya mlango kuna ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI WA SIMU NA KOMPYUTA, DIPLOMA. Neno la mwisho nililipaka mwenyewe, na nililifanya kubwa kuliko mengine.

Kwa hiyo shule moja ya Mvara ilipoita wazazi kuja kupokea tableti, dada yangu mkubwa alinitaka niende naye. Binti yake anasoma pale, kidato cha tatu, analala bwenini. Dada alitoka Koboko na teksi ya kwanza, amevaa gurbaba yake mpya, nguo yetu ya kujitanda, mkoba wa ususi ubavuni. Ususi hauachi. Hata kwenye ukumbi wa shule, wazazi wengine wakipiga miayo, yeye alikuwa akishona ukindu mduara juu ya mduara, kama mama zetu wa Kinubi wanavyofanya tangu zamani, wakitengeneza makawa ya kufunikia chakula.

Mwalimu wa jiografia alizungumza Kiingereza, kisha Kilugbara. Dada hajui kimoja wala kingine vizuri. Alisoma hadi darasa la tatu tu. Nikawa natafsiri, tena kwa sauti, ili walioketi nyuma wasikie. Tableti zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Kila mtoto aliyepewa angekwenda nayo likizo, apime mvua kila siku nyumbani kwao, aandike vipimo ndani yake. Watakaorudi na rekodi kamili wangekaa na tableti muhula mzima unaofuata. Asiyekamilisha angeirudisha, na jina linalofuata kwenye orodha lingeitwa. Mwishoni mwalimu alisema kifaa kile ni cha mwanafunzi pamoja na familia yake.

"Anasema nini?" dada aliuliza.

"Anasema hii kitu iko ya familia yote. Kazi ya mtoto iko kazi yenu pamoja."

Dada alitikisa kichwa taratibu, akaweka sindano, akaenda mbele kubonyeza dole gumba kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza kibanda changu. Sikuona kwamba dada alikuwa amepokea agizo.

Likizo ile ilikuwa ya Agosti, na Agosti kwetu mvua haichezi. Binti alikata chupa ya maji, akabandika rula ubavuni, akaizika nusu nyuma ya nyumba, mbali na paa. Kila siku saa tatu asubuhi aliinama, akasoma, akaandika kwenye tableti. Wiki ya kwanza ilipokwisha alinitumia picha ya kioo cha tableti kwa simu ya mama yake: siku saba, vipimo saba, mstari wa buluu ukipanda na kushuka. Nilimwonyesha kila mteja. "Mpwa wangu," nilisema. "Tumetoka damu moja."

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda Koboko kuwaona. Sikuwa nimevua viatu vizuri, binti alinijia na tableti mikononi kama anayebeba mayai.

"Mjomba, imekwama tangu asubuhi. Inaonyesha nembo ya shule tu, haiendelei."

Barazani alikuwepo jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa lori njia ya Juba. Huyo anaweza kukosa swala ya adhuhuri lakini hawezi kukosa nafasi ya kunitania.

"Haya, diploma imefika!" alisema. "Leo tutaona kama inatengeneza kitu ama inatengeneza mdomo tu."

"Mzee, hii kwangu ni kama kunywa chai," nikamjibu. "Hesabu mpaka mia."

Na kweli, hakufika mia. Nilishika vitufe viwili pamoja, orodha ikatokea, nikachagua kufuta kila kitu na kuanza upya. Kazi hiyo naifanya kibandani mara nyingi kwa siku, hata nikiwa naongea na mtu mwingine. Tableti iliwaka, nyeupe, safi, kama imetoka dukani. Niliinua ili mzee aione. Alipiga makofi mawili, kwa shida.

Binti aliichukua. Akagusa hapa, akagusa pale. Kisha akauliza, bila kupaza sauti:

"Mjomba, mvua zangu ziko wapi?"

"Zitarudi. Ukiunganisha na mtandao zitashuka zenyewe. Siku hizi kila kitu kinakaa juu, mtandaoni."

"Hii haijaunganishwa hata siku moja. Mwalimu alisema itatuma yenyewe tukifika shule."

Nairobi, kila kifaa kilichopita mikononi mwangu kilikuwa kimeshatuma vitu vyake mtandaoni kabla mwenyewe hajajua. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Niko Koboko, mahali ambapo simu yangu hunikaribisha Kongo nikiwa nimeketi kwenye baraza la dada yangu, na ukigeuka upande wa pili inakukaribisha Sudan Kusini. Hakuna aliyekuwa amenunua bando la kutuma mvua.

"Hukuandika kwenye daftari?" nikauliza.

"Tuliambiwa tuandike humu humu. Ndiyo tulikuwa tunajifunza."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliketi kwenye kizingiti, tableti tupu mapajani. Mzee wa lori naye hakunitania, na siku mzee yule asiponitania, jua jambo ni zito. Mvua za siku ishirini na nne nilikuwa nimezifuta kabla hajamaliza kuhesabu mpaka mia.

Nilitafuta njia, maana mimi si mtu wa kukaa na kulia. Nilimwambia nitaandika barua kwa mwalimu, niieleze kitaalamu, niweke saini yangu na diploma chini yake. Binti akasema barua haina milimita. Basi nikasema tukadirie: siku ile ilinyesha sana, siku ile kidogo, nani atajua?

"Mwalimu atajua," alisema. "Kuna msichana anapima Ayivu, mwingine Omugo. Watalinganisha. Na hata wasipojua, mjomba, mimi nitajua."

Chuoni hawakunifundisha hilo.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amesikia sehemu tu.

"Munatafuta nini, sura zenu zimekuwa hivyo?"

"Mvua," binti alisema. "Zimefutika, mama. Zote."

"Mvua ya likizo?"

"Ndiyo."

Dada alitutazama kama watu wanaotafuta miwani ikiwa puani. Akaingia chumbani, akarudi na kawa. Halikuwa limekwisha, sindano ilikuwa bado imening'inia ukingoni. Nilipoliona nilidhani ni kawa kama makawa mengine: jeupe la ukindu, na mabaka ya zambarau yaliyokaa ovyo, bila maua wala pembe tatu tulizozoea. Nilijiambia hata moyoni kwamba dada anazeeka, mkono wake umeanza kupotea.

Aliketi mkekani, akaweka kidole katikati ya kawa.

"Hapa ndio siku ya kwanza. Uzi mweusi mmoja iko mpaka, siku imekwisha. Zambarau iko mvua. Mushono moja, mustari moja ya rula. Siku kavu, naweka nyeupe tu, upana wa kidole. Andika."

Binti alikuwa bado analitazama kawa.

"Andika, mtoto!"

Binti alikimbia kuleta daftari. Dada akaanza kusoma, kidole kikizunguka pamoja na ususi, kutoka katikati kwenda nje. "Kumi na mbili. Hakuna. Hakuna. Tano. Tisa. Hakuna. Ishirini na moja." Hakuwa anakumbuka. Alikuwa anasoma, kama imamu anavyosoma, macho yakifuata kidole.

Nitasema ukweli, sikuamini. Mtu wa kazi yangu huwa haamini mpaka apime. Nilitoa simu nikafungua ile picha ya wiki ya kwanza. Siku ya kwanza, kumi na mbili. Ya pili na ya tatu, sifuri. Ya nne, tano. Nilifika siku ya tano, na hapo nikapata pa kushika.

"Dada, hapa umekosea. Tableti inasema nane. Wewe umeshona tisa."

Hata hakuinua kichwa. "Tableti ndio imekosea. Hiyo asubuhi alisoma tisa, nilikuwa nimeinama pamoja na yeye. Kuku akapita, mtoto akashituka, akaandika nane. Si ndiyo?"

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. "Ndiyo, mama. Niliona baadaye, nikaona aibu kubadilisha."

Nililichukua kawa nikalipeleka kwenye mwanga. Nilihesabu mishono kwa ncha ya kisu cha kibandani, mmoja mmoja. Tisa. Ukaaji wake ulikuwa sawa kabisa, kila mshono umelala ubavuni mwa mwenzake, hakuna uliobanwa wala kulegea. Nilihesabu siku nyingine, na nyingine. Kulikuwa na baka moja kubwa, mishono arobaini na moja, na nikaikumbuka siku ile: mvua ilinishikilia Arua, maji yalipita mlangoni mwa kibanda yakibeba ndala za watu. Ilikuwa imelala mikononi mwangu, kila tone lake lililoangukia kwenye chupa nyuma ya nyumba. Nimefungua mashine nyingi, nimeona ndani yake vitu vidogo kuliko chawa vikifanya kazi kubwa. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha kunifanya nivue kofia. Siku ile nilivua, bila kujua, na mzee wa lori alinikuta nimeishika kifuani.

"Kwa nini ulifanya hii, dada?" nilimuuliza.

Alishangaa kweli. "Wewe mwenyewe ndio ulisema. Pale shuleni. Hii kitu iko ya familia, kazi ya mtoto iko kazi yetu pamoja. Mimi nitaandika ndani ya kioo? Nimeandika pale ninajua kuandika."

"Diploma!" mzee wa lori alisema, akisimama kwenda zake. "Huyu naye anapata lini yake?"

Jumatatu niliwapeleka Mvara mwenyewe. Binti alibeba tableti tupu na daftari, dada alibeba kawa ndani ya kitambaa. Nilimwambia mwalimu wa jiografia kwamba kosa ni langu, nikalisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ili dada naye asikie. Halikuwa neno jepesi kwangu. Mwalimu alianza kusema kwamba sheria ni sheria, rekodi ilitakiwa iwe ndani ya kifaa. Dada akafunua kitambaa.

Mwalimu yule ni mtu wa haraka, wa kutembea huku akiongea. Aliketi kwenye ngazi ya darasa, suti na yote. Akaomba rekodi ya msichana wa Ayivu iletwe, akaomba dada asome, na yeye akawa anafuata kwa kalamu. Mvua za Koboko hazikuwa mvua za Ayivu, wala hazitakiwi kuwa, lakini siku kubwa zilikuwa kubwa kote, na ukavu wa siku nne mfululizo ulikuwepo huku na huko. Aliposikia habari ya tisa na nane alicheka kwa sauti, kisha akaweka kiganja chake juu ya kawa kama anayepima homa ya mtoto.

"Mwanafunzi atakaa na tableti," alisema mwishowe. "Leo arudishiwe programu, aingize vipimo hivi. Na siku ya tano aandike tisa."

Binti alimkumbatia mama yake hapo hapo, mbele ya wenzake, jambo ambalo watoto wa kidato cha tatu hawalifanyi. Mwalimu akaomba kawa libaki, litundikwe darasani. Nilitafsiri ombi hilo kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutafsiri chochote.

"Mwambie hapana," dada alisema. "Mvua, mtoto amekwisha andika. Kawa iko ya chakula."

Ubao wa kibanda changu bado uko pale, na neno la mwisho bado ni kubwa; nililitolea jasho. Ila siku hizi, kabla sijafuta kitu cha mtu, namuuliza kwanza kilichomo ndani, na nasubiri jibu.

Ijumaa iliyopita nilikula kwao baada ya swala. Dada alileta gurusa, chapati zetu laini, za moto na mchuzi wa bamia, kawa likiwa juu ya sinia, sasa limekwisha, ukingo umefungwa. Wengine walikuwa bado wananawa. Nilifuata mduara wa nje kwa kidole, nikarudi nyuma siku mpaka siku, uzi mweusi mpaka uzi mweusi, hadi nikaifikia siku niliyofuta tableti. Ilikuwepo. Jioni ile tulipokuwa tumekaa na daftari letu, mvua ilikuwa imenyesha. Kesho yake asubuhi binti aliinama kwenye chupa kama kawaida, na dada akashona kama kawaida.

Nilihesabu mishono. Sita. Nikarudisha kawa juu ya chakula kisipoe, nikaenda kunawa.