Mwandiko wa Yunia kwenye Pakiti za Unga

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umeikalia Sigowet, kaunti ya Kericho, na Yunia Bonareri anakipiga kinu chake cha stima kwa ndara kuukuu. Anakipiga ubavuni, anakipiga chini ya mdomo, kisha anautikisa mfuko wa kitambaa unaomwaga unga. Vumbi jeupe linaanguka kwenye beseni, kiasi cha viganja viwili.

"Hii ni ya jana," anasema. "Hata ukiona kinu iko tupu, bado iko na kitu ya mtu mwingine ndani."

Nje, wanawake wanne wanatua madebe yao ya mahindi na kushika njia ya kwenda kuchuma majani chai. Watarudi alasiri. Hakuna anayepewa risiti. Yunia anaandika jina la mwenyewe kwenye kila mfuko kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa zilizolala upande, na mambo yanaishia hapo. Kwa miaka tisa hajampa mtu unga wa mwenzake. Watu hawa, ambao huisimamia mizani ya majani chai kwa macho manne, humwachia Yunia chakula cha watoto wao bila hata kugeuka nyuma.

Imani hiyo nusura aipoteze mwaka jana kwa maneno mawili tu: HAINA GMO.

Yunia ana miaka arobaini na tisa. Alitoka Nyamira akiwa mke mchanga, akachuma chai Kericho kwa miaka kumi na mmoja pamoja na mumewe, Onyiego. Mashine za kuchuma zilipoingia shambani, wote wawili wakaambiwa asanteni. Malipo yao ya kuachishwa kazi yakanunua kinu hiki.

"Onyiego alitaka ng'ombe," anasema Yunia, na kucheka kidogo. "Nikamwambia ng'ombe hukufa. Mtu hawezi kuacha kula ugali."

Siku njema husaga gorogoro, yaani makopo ya kilo mbili, mia moja na ishirini kwa shilingi kumi kila moja, na stima hula karibu nusu ya pesa hizo. Zilizobaki zimemsomesha bintiye, Velma, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu.

Mjadala wa GMO, yaani vyakula vilivyobadilishwa vinasaba maabarani, ulifika Sigowet kama ufikavyo uvumi wowote: ulianza redioni, ukapita kanisani, ukaja kukita kambi kwenye foleni ya kinu. Marufuku ya serikali dhidi ya vyakula hivyo ilikuwa imeondolewa mwaka 2022, watu wakaenda mahakamani, na kila mwenye mdomo akawa mtaalamu. Huyu aliapa kwamba mahindi hayo ni sumu. Yule akasema angepanda hata kesho ikiwa viwavi watakoma kumlia mahindi shambani. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: pakiti inafaa iandikwe, mnunuzi ajichagulie mwenyewe.

Robert, mchuuzi aliyekuwa akimletea Yunia magunia matano kwa wiki, karibu theluthi ya kazi yake, alisikia biashara katika ubishi huo. Alikuja na mifuko arobaini ya kaki na gunia la mahindi.

"Mama Velma, hii ni ya wakulima wa Siongiroi, safi kabisa," akamwambia. "Ukishasaga, andika haina GMO. Andika wewe mwenyewe. Watu wanajua mwandiko yako."

Yunia akasaga, akapakia, akaandika. Anakiri kwamba hakufikiri sana. Kuna sifa katika kuambiwa kwamba mwandiko wako unauza unga, na sifa hulevya hata mwanamke asiyeonja pombe.

Kesho yake alikuja Chepkirui, bibi wa miaka sabini na tatu ambaye majirani wote humwita kogo, nyanya kwa Kikipsigis. Shamba lake lote ni chai, kwa hiyo unga hununua. Aliiweka pakiti mezani, ikiwa imefunguliwa.

"Mama Velma, wewe ulijuaje?"

"Kujua nini, kogo?"

"Hii umeandika. Ulijuaje haina?"

Yunia akasema mahindi ni ya Siongiroi. Chepkirui hakubisha. Alichota unga kidogo, akautandaza kwenye kiganja, akamsogezea. Katika weupe ule mlikuwa na chembe za manjano.

Hapo Yunia akakumbuka. Kabla tu ya gunia la Robert alikuwa amemsagia mfugaji mmoja, Johana, mahindi ya manjano ya kulisha kuku, yaliyonunuliwa kwenye lori lililopita sokoni. Yalitoka wapi? Johana mwenyewe hajui mpaka leo. Na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, ndara ikabaki ukutani. Mabaki ya chakula cha kuku yakatoka na unga wa Robert, ndani ya pakiti zenye mwandiko wa Yunia.

Umanjano si dalili ya GMO, na Yunia analijua hilo. Mahindi ya kawaida ya manjano yapo tele.

"Inaweza kuwa haina kitu," anasema. "Lakini mimi sikuandika 'labda haina'. Na hata ile ya Robert, nani aliniambia ni safi? Ni Robert. Niliandika kitu nimeambiwa, kama mimi ndio nimeona."

Ilikuwa siku ya soko, siku ambayo msagaji hafungi hata akiwa na homa. Yunia alizima kinu, akachukua kalamu ileile, akazunguka duka hadi duka. Mbele ya wenye maduka na wateja wao alikata yale maneno mawili kwenye kila pakiti, akieleza kwa nini. Alizifikia pakiti thelathini na moja, pamoja na ile ya Chepkirui.

"Tisa zilikuwa zishaliwa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Hakuna mtu aligonjeka. Lakini walikula neno langu na halikuwa kweli. Hiyo inaniuma mpaka leo."

Robert alimkuta jioni akifagia. Alimwambia amemwaibisha mbele ya soko zima kwa sababu ya konzi ya unga.

"Njaa haisomi lebo, Mama Velma," akasema, na magunia yake yakahamia kwa msagaji mwingine.

Ukweli nao haukulipa haraka kama wanavyodai wahubiri. Wengi walisikia nusu ya habari, kwamba kwa Yunia unga unachanganywa na GMO, wakakimbia. Kwa miezi miwili alisaga chini ya gorogoro hamsini kwa siku. Onyiego, ambaye sasa ni bawabu wa shule, alikumbuka ng'ombe wake, lakini alikuwa na hekima ya kutomtaja.

Chepkirui hakuwahi kukimbia, wala hakumpongeza.

"Mimi sikusema ni sumu," anasema bibi huyo, akiwa ameketi kwenye benchi la kinu. "Hata kama ni GMO, pengine nitakula. Lakini nikiuza ng'ombe yangu, nasema kama inapiga teke. Mwenye kununua ataamua."

Maneno hayo yalimkaa Yunia. Tangu hapo, mahindi ya kuku husagwa Jumamosi jioni peke yake, na kinu huoshwa kwa konzi mbili za mahindi yake mwenyewe kabla ya kazi ya Jumatatu. Lakini anachotaka hasa ni kinu cha pili, kidogo, cha chakula cha mifugo tu. Amekiona Kaplong, cha mtumba, shilingi elfu themanini. Ana elfu thelathini na moja. Akikipata, anasema, ataandika juu ya kila kinu kinasagwa nini, na hatahitaji kuapa.

Wateja wamerudi mmoja mmoja. Wiki iliyopita alirudi hata Robert, na magunia mawili, bila kugusia yaliyopita. Yunia naye hakuyagusia. Aliuliza tu mahindi yametoka kwa nani. Robert akakuna kichwa: gunia moja la shemeji yake wa Siongiroi, lingine la mtu aliyekutana naye barabarani. Yakasagwa pamoja, yakaandikwa hivyo hivyo.

Pakiti hizo ziko mezani asubuhi hii. Chepkirui anainuka, anachukua moja, anaisoma polepole kwa kidole: MAHINDI YA SIONGIROI NA MENGINE SIJUI YALIKOTOKA. YAMESAGWA NA YUNIA.

"Hii mengine ni ya wapi?"

"Sijui, kogo."

Bibi anaigeuza pakiti, kisha anaitia kwenye kikapu chake.

"Sawa," anasema. "Ng'ombe ya kupiga teke nimewahi kununua, na mwenyewe aliniambia. Nilijua mahali pa kusimama."