Ini Langu na Kibuyu cha Mama Furaha

Kabla sijajua kwamba nami nina ini, nilikuwa nimeshika maini ya ng'ombe wengi. Mimi ni mchinjaji wa Ngungu, huku vilimani juu ya Goma. Siku ya soko nachinja alfajiri, napasua, natundika, na ini ndilo huisha kwanza. Lililo zima ni laini, kisu kinapita bila kubishana. Lenye vivimbe tunalifukia lote, kwa sababu mteja mmoja akiugua, soko zima linakuhama. Nilikuwa na nguvu zangu, na mwenye nguvu hana habari na tumbo lake.

Maumivu yalianza juu ya tumbo, pale mbavu zinapoachana. Nilisema ni vidonda vya tumbo, nikanywa maziwa. Kisha nikakinai chakula. Harufu ya nyama, ambayo ndiyo riziki yangu, ikawa inanitapisha. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, halafu jingine. Siku moja nikioga nilibonyeza panapouma, nikakuta kitu kigumu kimekaa ndani kama ngumi ya mtoto. Nikavaa shati, nikakificha.

Mke wangu, Mama Gentille, aliona mwenyewe nilivyokonda, akamwita kaka yangu mkubwa, Bauma. Hawakujadiliana sana.

"Walimupa sumu," Bauma alisema. "Njo ile kasiksi ya ku ubatizo."

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Kwetu anayekupa kinywaji humeza funda moja kwanza mbele yako, ndipo akupokeze. Ni heshima, na ni ushahidi kwamba hakuna kitu ndani. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yetu Mama Furaha, mjane tunayepakana naye shamba la maharage, yeye mwenyewe alinipa kibuyu bila kuonja. Wageni walikuwa wengi, anaitwa huku na huku, akasahau. Wakati ule hakuna aliyejali. Nilipokonda, kila mtu akakumbuka.

"Na musimupeleke ku hopitali," Bauma akaongeza. "Muntu ya sumu, wakimupiga shindano, anakufa palepale."

Imani hiyo, kwamba sindano humuua aliyelishwa sumu, imeenea vilima vyote vya kwetu. Basi nikapelekwa kwa mganga aliyetoka upande wa Walikale. Alinichanja tumbo kwa wembe, akapaka majivu, akaninywesha maji ya majani machungu. Nilitapika kijani, nikatapika ute, mwishoni nikawa natapika hewa tupu. Kila nilipotoka kwake nilikuwa mwembamba kuliko nilivyoingia. Sokoni, maharage ya Mama Furaha yalikuwa yanarudi nyumbani na gunia lake. Kuna waliorusha mawe kwenye bati lake. Wengine walisema nikifa, naye asikae tena Ngungu.

Nilikuwa bado nachinja, ila kwa kuketi. Siku moja tulipasua ng'ombe aliyeshushwa kutoka malishoni. Ini lake lilikuwa gumu, limejaa vivimbe, kisu kinakwaruza. Veterineri anayekagua nyama akalisukuma kwa kidole, akaliita kwa Kifaransa.

"Hii foie imekufa. Mutaifukia."

"Nani alimupa sumu?" nikamwuliza.

Akacheka. "Sumu gani, Papa? Ni bugonjwa. Alikunywa maji mubaya mu mabonde."

Nikaenda kulifukia. Ng'ombe yule hakuwahi kuhudhuria ubatizo.

Jioni nikamwambia mke wangu: "Naenda Goma. Kama shindano itaniua, basi mulikuwa na haki, mutanizika."

Alilia. Kisha akafunga nguo zake pamoja na zangu, tukapanda moto, yaani pikipiki, tukatelezeshwa na matope mpaka barabara nzuri.

Hospitali walianza kwa kunitoa damu. Mama Gentille alinishika mguu, akafumba macho. Sindano ikaingia. Nikangoja kufa. Muuguzi akaniambia niinuke, kuna watu nyuma yangu.

Baada ya kupigwa picha za tumbo, ekografi na skana, daktari, mama mmoja mtulivu, alituketisha.

"Papa, ni kansa ya foie. Imeletwa na hepatite B, ni kirusi ya mu damu. Pengine ulizaliwa nayo. Haikutoka mu kinywaji."

Nilijisikia nafuu kidogo, jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka kuambiwa ana kansa. Akanieleza njia. Uvimbe ukiwa mmoja na ini lililobaki lina nguvu, wanaukata. Ukiwa mdogo, kwingine wanauchoma kwa sindano ya moto. Wengine wanapitishiwa dawa kwenye mshipa unaoulisha uvimbe, wengine wanameza vidonge vya kuuchelewesha. Na ini likiwa limechoka kabisa, wanatibu maumivu na kupunguza maji ya tumbo. Mimi niliangukia kwenye njia ya kisu.

"Mie ini mubovu naitupaka yote," nikamwambia.

"Ile ya ng'ombe unaitupa juu ng'ombe amekufa. Weye uko muzima. Itakayobakia itaota."

Sikumwamini, lakini nilikubali. Upasuaji ulikuwa ng'ambo ya mpaka, nchi jirani. Bauma aliuza ng'ombe wake kuulipia. Hakusema tena neno la sumu, wala sikumwuliza.

Nilizinduka na mpira ubavuni unaotoa maji ya damu. Koo lilikuwa kavu, na kukohoa ndiyo ilikuwa adhabu. Nilikumbatia mto tumboni kila kikohozi kilipokuja. Nilipojamba mara ya kwanza, muuguzi alishangilia, eti utumbo umeamka. Mke wangu alicheka mpaka machozi. Kovu linaanzia chini ya kidari, na mvua ikikaribia linawasha.

Miezi ilipopita walinipiga skana tena. Ini lilikuwa limekua, kama mgomba uliokatwa. Mchinjaji mzima, sikuwa nikilijua hilo.

Sisemi kila mwenye kansa ya ini atapona. Wodini nililala karibu na mwalimu wa Bweremana aliyefika amechelewa. Alipewa dawa za maumivu, akafa bila kupiga kelele. Hiyo nayo ni tiba, asikudanganye mtu. Mimi pia kansa yaweza kurudi. Ndiyo maana nameza kidonge cha hepatite kila siku na kurudi kupimwa. Kwa hiyo pimeni damu mkiwa bado na nguvu. Watoto wachanga wapate chanjo. Karanga zilizoota ukungu tupeni, nazo huharibu ini. Wembe wa mganga unapita mwili hadi mwili na damu yenye kirusi. Uogopeni kuliko sindano ya hospitali. Nawashukuru waliotunza kitanda changu, na Mungu aliyewapa akili.

Niliporudi Ngungu, watu walijaa uani. Mama Furaha alifika wa mwisho, na kibuyu cha mutobe, maji ya ndizi yasiyochacha, kwa kuwa pombe nimekatazwa. Tangu asingiziwe sumu, hata maji ya mtoto wake alikuwa anayaonja kwanza. Akainua kibuyu mdomoni.

"Leta, Mama Furaha."

"Ngoja nionje kwanza, Papa."

"Hapana."

Nilikipokea kikiwa kimejaa, nikanywa mpaka nusu. Nikampa Bauma. Akakitazama kibuyu, akamtazama Mama Furaha, akanywa.