Mkwaruzo wa Mwisho

Adinani wa Nachingwea hakuwahi kuamini kitu kilichofungwa. Sukari akinunua dukani ataipima tena nyumbani, na kuku akiletewa kama zawadi atamgeuza chini juu kwanza, ndipo aseme asante. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Ujana wake wote ulipita kwenye ghala la korosho, akichoma magunia kwa bambo ili aone kilichomo tumboni kabla mwenye gunia hajamaliza salamu. Wengine wakikuta kokoto ndani ya korosho walimlaumu shetani. Adinani alimlaumu mtu, na mara nyingi alipatia.

Alipostaafu, shaka yake ilikataa kustaafu naye. Ikahamia kwenye santuri.

Alikusanya nyimbo za bendi za jazz za kusini, zile zilizokuwa zikitikisa kumbi enzi za kaka zetu, na kila wimbo ulipotolewa upya aliutafuta tena. Wimbo mmoja anao kwenye santuri ya kwanza, anao kwenye kaseti ya kibandani sokoni, anao kwenye CD ambayo picha yake imechapwa vibaya hadi wanamuziki wote wamekuwa zambarau. Kazi yake ni kulinganisha. Ataketi barazani, apige hii, apige ile, anuse jalada, alikunje pembe. "Hapa wameongeza besi kuficha aibu yao," atasema. "Na karatasi hii, masika yakija inanyauka." Kaseti ndizo alizozidharau kuliko vyote, kwa kuwa wauzaji waliziendesha mbio kidogo ili nyimbo nyingi zienee kwenye mkanda mmoja, na waimbaji wazima wakasikika kama watoto wa madrasa wanaowahi chakula.

Santuri moja tu hakuitilia shaka: ile ndogo ya Nandagala Jazz. Kaka yake Yasini alikuwa mpiga gitaa la pili wa bendi ile. Walikwenda Dar es Salaam kurekodi mara moja tu, na baada ya muda mfupi kifua kikamuua Yasini, Adinani akiwa bado anavaa kaptula. Picha yake haikubaki hata moja. Kilichobaki ni lile gitaa, linatambaa chini ya sauti za waimbaji, na ukilitafuta sana kwenye mivumo ya santuri unalipata.

Aliitunza kwa sheria kali. Mwisho wa wimbo pana mkwaruzo mbaya, krr-krr, na Adinani aliamini unakula sindano, nayo sindano huku kwetu kuipata ni kazi. Kwa hiyo wimbo ukikaribia kuisha lazima mkono wa gramafoni unyanyuliwe. Mkewe Zulfa alilijua hilo kuliko majina ya wajukuu. Mumewe akiwa uani, yeye huacha unga na kukimbia, "Mkwaruzo! Mkwaruzo!", akanyanyua kwa vidole vyeupe.

Basi mwaka huu binti yao Raudha akaja kutoka Dar na santuri mpya. Wazungu wameutoa upya wimbo wa Nandagala Jazz, pamoja na nyimbo za bendi nyingine za kusini. Jalada nene, gumu kama ubao wa kukatia mboga, na ndani yake kijitabu chenye historia. Adinani alilinusa jalada, akajaribu kulikunja pembe, likagoma kukunjika. Akaipiga. Sauti ilitoka safi mno, utadhani bendi imeketi sebuleni inangoja chai. Hata mkwaruzo wa mwisho ulikuwa umeondolewa! Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, aliwapa watu maksi zote.

Kisha Raudha akamsomea majina ya wapigaji. Gitaa la pili: Habibu. Jina la Yasini halikuwepo popote.

Alitaka lirudiwe. Likarudiwa. Habibu huyo alikuwa mwanabendi pekee aliye hai, anaishi Nandagala, na ukoo wake na ukoo wa kina Adinani ni watani tangu mababu. Ndiye wazungu waliyemhoji. Nani tena angewapa majina? Adinani akaipiga tena santuri mpya, sasa kwa sikio la ghalani, na katikati ya wimbo akakuta kokoto: mahali gitaa linateleza kidogo, kama mtu anayemeza mate. Yasini hakuteleza kamwe!

"Wamempa gitaa akapiga upya," alimwambia Zulfa. "Wamemfuta marehemu, wakambandika yeye."

"Baba Raudha, mtu wa miaka ile apige upya leo, kwa vidole gani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakulala vizuri. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira palikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomsumbua. Kama gitaa lile si la Yasini, basi Yasini hakubaki popote duniani. Asubuhi akaifunga gramafoni kwa kanga za mkewe, akatia santuri zote mbili kwenye kikapu, akapanda gari la Ruangwa, na kutoka pale akachukua bodaboda hadi Nandagala, akimkaripia dereva kila shimo.

Habibu alikuwa uani anabangua korosho. Alipomwona tu akapaza sauti, "Lo! Makaburi ya kwenu yamejaa, unakuja kuzikwa kwetu?"

Shikamoo Adinani aliitoa, maana adabu ni adabu, lakini aliitoa kwa meno. "Leo sikuja kwa utani. Gitaa la pili kapiga nani?"

Mzee akaacha kubangua. Alimtazama mgeni wake, akatazama na mzigo wa kanga. "Mimi," alisema.

"Mwongo! Kapiga Yasini. Wewe umerudia juzi na wazungu wako."

"Weka hiyo ya zamani."

Adinani akaiweka. Walipofika katikati, Habibu akainua kidole. "Hapo. Usisikilize waimbaji, sikiliza chini." Na kweli, chini ya mivumo ya miaka yote, gitaa likateleza, likameza mate. Lilikuwa limeteleza hapo siku zote. Habibu akamwonyesha kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kimepinda. "Nilianguka mkoroshoni utotoni. Pale hakifiki mpaka kesho."

Adinani akanyanyua mkono wa gramafoni, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alihisi amevuliwa nguo. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Nilisema msibani, mbele ya watu wote, na wewe ulikuwepo."

Hapo Adinani akakumbuka. Kwetu mtani ana haki ya kumwigiza marehemu msibani, awachekeshe wafiwa, na hawamnyamazishi mpaka wampe kitu. Siku ile Habibu alijilaza mkekani karibu na jeneza, akakohoa huku akirusha miguu, akipiga kelele, "Mnamlilia mpiga gitaa gani? Huyu alikwenda Dar kukohoa tu!" Watu walicheka hadi machozi, mama yao mwenyewe akacheka, wakampa kuku anyamaze. Nani anachukua neno la mtani msibani akalifanya ushahidi?

"Kifua kilimbana njiani," Habibu alisema, na sasa hakuwa na utani hata chembe. "Tulipofika hakuweza kukaa na gitaa. Akanipa mimi, akasema atakaa pembeni, hatakohoa. Alijizuia wimbo mzima, Adinani. Nilimwona anauma shati lake. Tulikuwa na nafasi moja tu, na alijua."

"Akaweza?"

"Weka tena. Uache iende."

Wimbo ukaenda. Ulipokaribia mwisho, mkono wa Adinani ukanyooka wenyewe kunyanyua, na Habibu akaudaka. Gitaa la mwisho likazimika. Kisha ukaja ule mkwaruzo, krr-krr, na Adinani akautambua mara moja, kwa sababu utoto wake wote alilala kitanda kimoja nao, mgongo kwa mgongo. Alilia kwa sauti. Habibu hakumtania.

Alirudi Nachingwea jioni. Santuri mpya, ile safi, aliiegemeza ukutani na jalada lake zuri. Ya zamani akaiweka kwenye gramafoni, akatoka kunawa. Wimbo ulipokaribia kuisha, Zulfa alikuja mbio kutoka jikoni, vidole vyeupe kwa unga.

"Mkwaruzo!"

"Mwache," alisema Adinani. "Mwache akohoe."